Daftari Kabla ya Riwaya: Kufundisha Fasihi na Uandishi Binafsi katika Kiingereza cha Sekondari

Mwulize mwanafunzi wa Kidato cha Tatu akutajie dhamira za Weep Not, Child. Atakutajia nne bila kuvuta pumzi: ukoloni, elimu, usaliti, mgogoro wa ardhi. Kisha mwulize Njoroge alikuwa akivaa nini kabla ya kupelekwa shule. Darasa zima linanyamaza. Dhamira wamezipata ubaoni au kwenye pamfleti ya uchambuzi. Nguo iko ndani ya kitabu, na kitabu wengi wao hawajakifungua.

Sababu zinajulikana na kila anayefundisha Kiingereza katika shule zetu za Tanzania. Nakala hazitoshi, darasa lina wanafunzi sitini au themanini, silabasi inakimbiza. Basi mwalimu anaandika uchambuzi ubaoni, wanafunzi wananakili, na siku ya mtihani wanaumwaga kama walivyoupokea. Kwenye insha mambo ni yaleyale. Kila insha inaanza asubuhi ya Jumamosi, jua linachomoza, ndege wanaimba, na mwishoni msimulizi anashtuka usingizini kumbe ilikuwa ndoto. Mtoto aliyepanda basi peke yake kutoka Sumbawanga hadi Mbeya akiwa na miaka kumi na moja anakuandikia habari za ndege wanaoimba.

Kwa maoni yangu haya si matatizo mawili. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika jambo lake mwenyewe akajaribu kulisema sawasawa, hana namna ya kuona kazi aliyoifanya mwandishi wa riwaya. Na yule asiyesoma kwa kutulia hana pa kujifunzia namna ya kulisema la kwake. Ndiyo maana ninashauri fasihi na uandishi binafsi vifundishwe pamoja, wiki hiyohiyo, ikiwezekana kipindi hichohicho.

Waandike kabla ya kusoma

Mazoea yetu ni kusoma kwanza, kisha maswali, kisha insha mwishoni mwa muhula. Geuza mpangilio huo. Siku ya kuanza Weep Not, Child usianze na historia ya mwandishi wala Mau Mau. Waambie wafungue daftari na waandike kwa dakika kumi kuhusu sare yao ya kwanza ya shule: nani aliinunua au kuishona, ilitoka wapi, ilikuwaje mwilini. Hakuna maksi. Hakuna kufuta. Wewe mwenyewe kaa uandike ya kwako, maana darasa huandika kwa moyo zaidi linapomwona mwalimu naye ameinamia karatasi.

Utakachopata mara ya kwanza ni sentensi moja iliyozaliwa mara sitini: nilifurahi sana mama aliponinunulia sare mpya. Ipokee. Kisha uliza maswali madogo, kwa sauti ya kutaka kujua kweli. Ulifanya nini ulipofurahi? Nani mwingine alikuwepo? Sketi ilikufika wapi? Binti mmoja wa Kidato cha Pili alijibu swali la mwisho kwa kuandika kwamba sketi ilinunuliwa kubwa ili itoshe miaka miwili, mama akaikunja chini na kuishona kwa mkono, na kwa kuwa uzi wa bluu haukuwepo akatumia mweusi. Kila alipopanda ngazi za shule alishika sketi kwa nyuma ili uzi usionekane. Kiingereza chake kilikuwa na makosa katika kila mstari. Lakini hakuna aliyesikia kipande kile akauliza umaskini ni nini.

Sasa fungueni riwaya. Mama, Nyokabi, anamwuliza mwanawe kama angependa kwenda shule. Mtoto hajawahi kuvaa shati wala kaptula, na hofu yake ni kwamba mama anaweza kubadili mawazo. Wanafunzi waliotoka kuandika kuhusu sare hawahitaji kuambiwa kwamba hapa kuna jambo. Wanalitambua wenyewe, na wanaanza kubishana kuhusu mama huyu alipata wapi pesa na kwa nini anamtaka mtoto aahidi hatamwaibisha kwa kuikataa shule siku moja. Dhamira ya elimu imeingia darasani bila kuandikwa ubaoni.

Kitabu hiki kina faida nyingine ambayo walimu wengi hatuitumii. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alikitoa mwaka 1964 akiwa bado anaitwa James Ngugi. Mwaka 2010 alichapisha kumbukumbu zake za utotoni, Dreams in a Time of War, na humo mama yake mzazi, Wanjikũ, anamwuliza mwanawe swali lilelile la shule na kumtaka ahadi. Ukiweza kupata nakala moja tu ya kumbukumbu hizo, soma sehemu hiyo kwa sauti mara baada ya sura ya kwanza ya riwaya. Kisha uliza: amebakiza nini? Amebadilisha nini? Kwa nini mtoto wa riwaya ana jina jingine? Mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba riwaya anayotahiniwa ilianzia jikoni kwa mtu, na kwamba jikoni kwao nako kuna kitu cha kuandika. Sijui somo lolote la mbinu za uandishi linaloshinda hilo.

Nakala chache, aya moja

Wanafunzi watano kwa kitabu kimoja si sababu ya kurudi kwenye uchambuzi wa kunakili. Soma wewe kwa sauti, dakika ishirini, kwa ufundi wote ulionao; watu wetu ni wasikilizaji wazuri wa hadithi na Kiingereza kinachosikika vizuri hueleweka kuliko kile kilicholala kwenye ukurasa. Simama pale mambo yanapokaribia kugeuka, waache wabashiri kwa sentensi moja daftarini, kisha endelea.

Mara moja kwa wiki chagua aya moja, moja tu, uinakili kwa maandishi makubwa kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani. Kipindi kizima kiwe cha aya hiyo. Wapigie mstari vitu vinavyoshikika: nguo, jembe, mlango, chakula. Kisha wapigie mstari, kwa rangi nyingine, maneno ya hisia. Mara nyingi vitu vitazidi hisia kwa mbali, nao watauliza kwa nini. Mwisho wa kipindi warudi kwenye vipande vyao vya sare na kufanya hesabu hiyohiyo. Marekebisho yanayofuata wanayafanya wenyewe.

Aya moja iliyosomwa hivi inafundisha zaidi ya kurasa nane za notisi, na mwalimu anayehofia silabasi asiogope. Riwaya ikishaeleweka kwa njia hii, sura zilizobaki huenda haraka, kwa sababu wanafunzi wanaanza kugombea kitabu jioni.

Kiswahili kiruhusiwe mahali pake

Watoto wengi wamesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yanageuka kuwa Kiingereza. Tukiwaambia waandike habari za nyumbani kwao kwa Kiingereza safi tangu mstari wa kwanza, wanafanya jambo la busara kabisa: wanaandika kile tu ambacho wana maneno yake. Ndiyo asili ya Jumamosi yenye jua. Mtoto hakosi la kusema, anakosa njia ya kulipitisha.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Andika kwa Kiingereza. Neno likikukimbia, usisimame na usibadilishe jambo. Liandike kwa Kiswahili, au kwa Kihaya, Kinyakyusa, Kimakonde, lipigie mstari, songa mbele. Yule binti wa sketi alikuwa na maneno mawili yaliyopigiwa mstari, pindo na uzi. Dakika kumi zikiisha, kila mmoja anataja neno moja alilolikosa, darasa linasaidiana, kamusi inazunguka, na maneno yanaandikwa kwenye karatasi ya manila inayobaki ukutani muhula mzima. Hii ndiyo orodha ya msamiati ninayoiamini, kwa sababu kila neno humo lilihitajiwa na mtu kabla hajalipata. Vibao vya kulazimisha Kiingereza na adhabu za kuvishwa kipande cha mbao shingoni havijawahi kumpa mtoto hata neno moja. Vinampa sababu ya kunyamaza.

Mshirikishe pia mwalimu wa Kiswahili. Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni, aliandika maisha yake mwenyewe katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, akaweka humo hata mausia kwa bintiye. Wanafunzi wakisoma kurasa chache za kitabu hicho katika kipindi cha Kiswahili, wanajua kwamba mtu wa kawaida kusimulia mambo yake kwa heshima na uaminifu si jambo la kigeni lililoletwa na somo la Kiingereza.

Tamthiliya: mahari na nauli

Three Suitors: One Husband ya Mkameruni Guillaume Oyono-Mbia ni zawadi kwa mwalimu. Juliette anarudi nyumbani kutoka sekondari na kukuta familia imeshapokea faranga laki moja kwa mkulima kijana, Ndi, kisha anakuja Mbia, mfanyakazi wa serikali, na laki mbili. Yeye mwenyewe anamtaka Oko, mwanafunzi. Msichana wa Kidato cha Tatu hahitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Usisome tamthiliya mkiwa mmekaa. Sogezeni madawati, wajomba upande huu, wachumba upande ule, na yeyote asiyekuwa na mstari awe jirani anayechungulia. Baada ya onyesho moja, wape kazi ya daftari: andika mazungumzo ya kupatana bei uliyowahi kuyasikia kwa masikio yako, mistari minane. Inaweza kuwa nauli na konda, nyanya sokoni, au mahari ya dada. Sharti ni moja, hakuna mhusika kusema anajisikiaje. Hasira ya abiria ionekane katika anachosema kuhusu chenji.

Soma mazungumzo manne au matano kwa sauti, kisha rudini kwa Oyono-Mbia muone yeye alifanyaje: nani anakatiza wenzake, nani anataja pesa kwanza, Juliette anaachwa kimya kwa muda gani. Baada ya hapo leta The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, ambako Lakunle, mwalimu wa kijijini, anamtaka Sidi lakini hataki kulipa mahari. Sasa una vitabu viwili juu ya swali moja, na darasa lenye maoni yake. Waandike: mahari inamfanyia nini msichana katika kila kitabu? Hapo ndipo mtihani unapotaka wafike, kutumia vitabu viwili kujenga hoja moja.

Ushairi nitaupitia kwa haraka, kwa kuwa unajitegemea zaidi. Shairi fupi kutoka Growing Up with Poetry, mkusanyiko wa David Rubadiri, lisomwe mara tatu na sauti tatu tofauti kabla ya swali lolote, kisha kila mmoja achague mstari mmoja na kuandika unamkumbusha nini. Istilahi za tamathali zisubiri kipindi cha pili.

Vitabu vinavyogusa majeraha

Hapa naomba mwalimu mwenzangu asome taratibu. Unanswered Cries ya Osman Conteh wa Sierra Leone inahusu Olabisi, msichana anayetakiwa kukeketwa. Passed Like a Shadow ya Bernard Mapalala inahusu familia inayomalizwa na UKIMWI. Ukifundisha Mara, Manyara, Dodoma au Singida, unaweza kuwa na akina Olabisi darasani kwako. Popote unapofundisha, unaweza kuwa na mtoto anayemeza dawa kila jioni bila rafiki yake yeyote kujua.

Kwa vitabu hivi, usitoe kazi ya kuandika kilichokupata wewe. Waandike barua kwa mhusika, au wachague jirani asiyesema kitu katika hadithi na kueleza alichokiona. Mwenye jambo lake atalipitisha humo kwa kiasi anachotaka mwenyewe, na asiye nalo atajifunza kukaa upande wa mwenzake.

Kwa daftari lote kwa jumla, weka kanuni mbili siku ya kwanza kabisa. Ya kwanza: ukurasa uliokunjwa mwalimu hausomi, na kazi ya mtu haisomwi mbele ya darasa bila idhini yake. Ya pili: ukurasa ambao haujakunjwa ukinionyesha kwamba mtoto anadhuriwa au yuko hatarini, sitanyamaza. Waambie wazi, kwa Kiswahili, ili asiwepo atakayeona amesalitiwa. Ikitokea, mwite mwanafunzi faragha, msikilize bila kumhoji kama askari, na mshirikishe mwalimu wa ushauri na unasihi na afisa ustawi wa jamii. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116 na haina malipo. Ibandike ukutani pamoja na karatasi za manila. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na wanafunzi wa Unanswered Cries wana haki ya kulijua hilo kabla ya kufika ukurasa wa mwisho. Usiwe mshauri wa peke yako. Mwalimu wa Kiingereza ni mara nyingi mtu mzima wa kwanza kusoma siri ya mtoto, na wajibu wake ni kuifikisha kwa wanaoweza kusaidia.

Kusahihisha bila kuzama

Swali la kwanza nitakaloulizwa na mwenye darasa la themanini ni nani atasahihisha yote hayo. Jibu ni kwamba hayasahihishwi yote. Daftari la uandishi binafsi liwe jembamba na la peke yake, lisichanganywe na la sarufi. Waandike mara mbili kwa wiki. Kila siku ya kazi kusanya safu moja ya madawati, daftari kumi na tano hivi, na katika kila moja soma kipande kimoja alichokichagua mwanafunzi mwenyewe.

Andika mambo mawili. Kwanza sentensi moja ya kumjibu mtu, si ya kumpima: nilitaka kujua kama mama aliupata baadaye uzi wa bluu. Pili, sahihisha aina moja ya kosa, ile mliyoifundisha wiki hiyo. Kama ni wakati uliopita, gusa vitenzi vya wakati uliopita na uache viambishi, vihusishi na tahajia vipumzike. Ninajua inavyouma kuacha kosa bila kuligusa. Lakini mtoto anayerudishiwa ukurasa uliojaa wino mwekundu hujifunza jambo moja tu, kuandika sentensi fupi zisizo na hatari, na hapo tumeshapoteza sauti yake. Usahihi unakuja kwenye kipande kimoja kwa mwezi, anachokichagua mwenyewe, anachokiandika upya mara mbili au tatu hadi kisomeke bila kukwaza. Hicho ndicho kipewe maksi, na vile vyema zaidi vishonwe pamoja viwe kitabu cha darasa, kikae maktaba karibu na riwaya.

Kutoka daftarini hadi chumba cha mtihani

Wanafunzi waelezwe mapema kwamba sketi ya bluu haiingii kwenye jibu la fasihi. Mtahini anataka ushahidi kutoka kitabuni. Kinachovuka ni jicho. Aliyezoea kuulizwa "ulifanya nini ulipofurahi" sasa anajiuliza swali hilohilo kuhusu Ngotho, baba yake Njoroge, na hawezi tena kuridhika na kuandika kwamba umaskini umeonyeshwa kwa kuwa familia ya Njoroge ni maskini.

Mfundishe aya yenye sehemu tatu, mfululizo: hoja, tukio, maelezo. Hoja: kwa familia hii elimu inabeba tumaini la wote, si la mtoto mmoja. Tukio: mama anamtaka ahadi kwamba hatamwaibisha kwa kuacha shule, akimwonya kwamba hakuna chakula cha mchana. Maelezo: njaa ya mtoto imeshahesabiwa kabla hajaanza, na aibu itakuwa ya mama, kwa hiyo shule imekuwa deni la nyumba nzima. Kisha tukio kama hilo kutoka kitabu cha pili. Aya nne za namna hii ni jibu linalosimama, na hakuna pamfleti inayoweza kumwandikia, kwa sababu kila tukio amelichagua yeye.

Haya yote yanataka muda, na mahali pake hasa ni Kidato cha Kwanza na cha Pili, kabla hofu ya matokeo haijaingia. Orodha ya vitabu hubadilika mtaala unapobadilika, lakini daftari, aya ya manila na maneno yaliyopigiwa mstari vitafanya kazi na kitabu chochote kitakachopangwa. Kama umepokea darasa la Kidato cha Nne na moko iko miezi mitatu mbele, usijaribu kuanzisha kila kitu. Chukua aya moja ya manila kwa wiki na ile aya ya sehemu tatu, na kabla ya kila kitabu unachorudia wape dakika kumi za daftari. Yanayobaki yaanzishe na Kidato cha Kwanza wanaoripoti Januari.